Mkaguzi na Kikopo cha Chumvi

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuingia dukani, kutoa mawe ya shaba kwenye mkoba wa ngozi, kuyaweka juu ya mizani ya mwenye duka na kusubiri sindano itulie. Hakuwa mtu wa kelele. Sindano ikilala mahali pake aliandika, akagonga muhuri, akaaga. Isipolala mahali pake aliandika vilevile, akaifunga mizani kwa waya, akaaga kwa adabu ileile, na mwenye duka akabaki ameshika kiuno. Watu walimwita Mkaguzi. Alipostaafu, mawe na muhuri vilibaki ofisini, lakini jina aliondoka nalo.

Nyumbani nako hakukosa cha kukagua. Alikagua milango kama imefungwa, mkate kama umekatwa unene mmoja, na siku binti yake mkubwa alipomleta mchumba, alimkagua yule kijana kwa saa mbili na nusu mpaka chai ikaota utando. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na hata huko kazi aliyoipenda ilikuwa kuhakikisha ibada imeanza kwa wakati. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi na maneno machache, aliishi na ukaguzi huo kama mtu anavyoishi na jirani mwenye jogoo: alishazoea, na alikuwa na mbinu zake.

Kila mwaka, mboga zinapokuwa nyingi na rahisi sokoni, familia hiyo ilikuwa na Jumamosi yake ya supu. Ilianza miaka ishirini na tisa nyuma, mkewe alipojifunza kuhifadhi chakula kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana. Walipika supu ya mifupa, maharagwe, karoti, viazi na nyanya, wakaijaza chupa arobaini na mbili. Nusu ilikaa kwenye kabati lao, nusu ilikwenda kanisani kwa ajili ya wagonjwa na waliofiwa. Siku hiyo Mkaguzi alikuwa na majukumu manne. Alifungua kwa sala. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, akataja saa. Alionja. Na mwisho aliandika karatasi za kubandika kwenye chupa, kwa mwandiko ulionyooka kama reli.

Katika yote hayo, kuonja ndiko alikokuthamini zaidi. Mkewe alimletea kijiko. Alipuliza, akanywa, akafumba macho, akatamka maneno yaleyale kila mwaka: "Chumvi imepungua." Mkewe akachukua kikopo chekundu cha bati kilichokaa peke yake juu ya rafu, akachota kwa ncha za vidole, akatia, akakoroga. Mkaguzi akaonja tena. "Sasa imekaa sawa." Kwa hiyo mtu akimuuliza nani anayepika ile supu, alijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Sisi."

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, mkewe aliteleza kwenye ngazi za kanisa akiwa amebeba ndoo ya maua. Maua yalipona. Mkono wake wa kulia ulivunjika kifundo, ukafungwa plasta kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko.

"Mwaka huu tuiache," alisema Ijumaa wakiwa mezani.

"Tuache nini?"

"Supu. Baba watoto, nina mkono mmoja."

"Na mimi nina miwili," akasema Mkaguzi. "Nitasimamia."

"Kusimamia umesimamia miaka yote. Safari hii anatakiwa mtu wa kupika."

Mkaguzi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeambiwa mlango wa nyumbani kwake hataujua. "Mama watoto, kwani pale jikoni kuna nini ambacho sijakiona kwa macho yangu haya?"

Mkewe akapaka mkate siagi kwa mkono wa kushoto, akaidondosha nusu mezani. "Hakuna," akasema. "Vyote umeviona."

Asubuhi, karatasi ya ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Saa kumi na mbili, sala. Saa kumi na mbili na dakika tano, kumenya. Saa moja kamili, sufuria zote jikoni. Waliokuwepo ni binti mkubwa, muuguzi, ambaye alikuwa ametoka zamu ya wiki nzima, na mumewe, fundi majokofu, ambaye baada ya miaka tisa ya ndoa bado alikaa mbele ya baba mkwe kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Mama aliingia wa mwisho. Akaangalia huku na huku, akaona kiti karibu na mlango, akakikalia. Akaweka mkono wa plasta juu ya mto, akashusha pumzi.

"Kumbe hapa kuna upepo mzuri," akasema.

Mkaguzi alisimama akiwa ameshika Biblia, hana pa kukaa. Akaomba akiwa amesimama. Aliombea viongozi, wakulima, wagonjwa, wasafiri, na mkono wa mkewe. Alipofika kwenye amina, ratiba ilikuwa imechelewa dakika ishirini na mbili, na hakuna aliyethubutu kuzitaja.

Kisha kazi ikaanza. Nyanya zilikuwa madebe mawili. Mkaguzi alichukua moja, akaanza kuimenya kwa kisu kama anamenya chungwa. Nyanya ikamwagika kwenye mkono wa shati.

"Zinatumbukizwa kwanza kwenye maji yanayochemka, Baba," binti akasema. "Ganda linatoka lenyewe."

"Najua. Nilikuwa najaribu kisu."

Alitumbukiza nyanya, na kwa haraka ya kuzitoa akatumbukiza na vidole. Karoti alizimenya kwa bidii hadi zikawa nyembamba kama penseli. Kwenye viazi alipata faraja: alileta rula, akaamuru vipande vya sentimita mbili kila upande, na mkwe akakata akipima, akipima akikata, huku jasho likimtoka. Kilo tatu ziliwachukua saa nzima.

"Baba," mkwe akasema kwa sauti ya chini, kama alivyosema kila mwaka, "bado naona tungeiweka tu kwenye friza."

"Na umeme ukikatika?"

"Utanipigia simu."

"Na wewe utakuja kurudisha umeme?"

Mkwe akarudi kwenye viazi vyake.

Kutoka kwenye kiti, Mama hakusema neno. Hilo ndilo lililoanza kumsumbua Mkaguzi. Alitegemea maelekezo ili ayakatae. Mara mbili aligeuka akasema, "Sasa tunaendelea na mifupa, au siyo?" na mara mbili mkewe alijibu kwa upole, "Wewe ndiye msimamizi."

Vitunguu vilikuwa kilo nane. Binti alijitolea, lakini Mkaguzi alikuwa ameshachoka kuonekana hajui, akasema kitunguu ni kitunguu tu. Kufikia cha tano macho yalikuwa yanamwaka. Kufikia cha ishirini alikuwa anakata kwa kupapasa, kamasi na machozi vikishuka pamoja mpaka kwenye kidevu. Mtu huyu hakulia alipofiwa na baba yake. Alisimama kaburini akiangalia saa. Sasa machozi yalikuwa yanadondokea ubao wa kukatia.

Ndipo mchungaji akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mtu mnene, mwenye huruma nyingi na haraka ya kuitumia. Alikuja kumjulia hali Mama.

"Bwana asifiwe," akasema, kisha akasimama palepale mlangoni. Mbele yake alimwona mzee wa kanisa mgumu kuliko wote, ameinama mezani, mabega yanatikisika, uso wote umelowa. Upande wa pili alimwona mke, mkono kwenye plasta, akimtazama mumewe kimya. Mchungaji alikuwa ameomba kwa miaka sita moyo wa mzee huyu ulainike. Aliona maombi yamejibiwa, tena yeye akiwepo.

"Mzee wangu," akasema, akimshika bega. "Usiyazuie. Yaache yatoke."

"Ni vi..." Mkaguzi akapiga chafya. "Ni vi..."

"Ni vingi, najua. Ni vingi sana ulivyobeba moyoni."

Na kabla Mkaguzi hajapata pumzi, mchungaji alikuwa ameshapiga magoti juu ya maganda ya karoti, amemvuta na yeye chini, anashukuru kwa sauti kubwa kwa ajili ya mume anayelia kwa maumivu ya mkewe. Mkwe alivua kofia. Binti aliinamia sinki, mgongo ukimtetemeka. Mama aliinamisha kichwa chini kabisa, paji la uso likagusa plasta, na kwa mtu asiyemjua angeonekana ameguswa kupita kiasi.

"Vitunguu," Mkaguzi alisema hatimaye, walipoinuka.

"Ndiyo, endelea na vitunguu, mzee wangu. Kazi nayo inatibu." Mchungaji alijifuta magoti na macho. "Nitarudi jioni kwa lile bakuli la kwanza, kama kawaida."

Mchungaji akaondoka. Mkaguzi aliona afadhali asigeuke.

Ilikuwa karibu saa tano supu ilipoiva kwenye sufuria mbili kubwa, saa mbili nje ya ratiba. Harufu ilikuwa nzuri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mkaguzi alisimama wima. Sasa walifika kwenye eneo lake. Alichukua kijiko, akapuliza, akanywa, akafumba macho.

"Chumvi imepungua."

Hakuna aliyesogea. Akakumbuka kwamba anayesogea ni yeye. Akaenda kwenye rafu, akashusha kikopo chekundu, akashangaa wepesi wake, akakifungua.

Kilikuwa kitupu. Siyo kitupu cha kuisha. Ndani kiling'aa, kikavu, bila punje, na kwenye kona kulikuwa na buibui mdogo aliyekufa zamani kwa amani.

"Chumvi imeisha," akasema.

Binti akamtazama mama yake. Mama akamtazama mkwe. Mkwe akaangalia viazi, ambavyo vilikuwa vimeshaingia sufuriani.

"Nimesema chumvi imeisha."

"Ipo, Baba," binti akasema. "Ipo kwenye lile kopo la plastiki, nyuma ya unga."

"Na hiki?"

"Hicho..." Binti alijiuma mdomo, lakini kicheko kilipita pembeni. "Hicho ni chako, Baba. Hakijawahi kuwa na chumvi."

Ilimchukua muda. Mtu aliyetumia miaka thelathini na moja kunasa mizani za uongo, aliyewahi kugundua sumaku chini ya sahani ya mizani kwa kuisikiliza tu, alisimama jikoni kwake ameshika kikopo cha bati, akihesabu vijiko alivyoonja tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Kila mwaka, imepungua. Kila mwaka, sasa imekaa sawa.

"Mama watoto," akasema.

"Abee."

"Ulikuwa unatia nini?"

"Vidole," mkewe akajibu, na hakupepesa macho.

Mkaguzi alikwenda nyuma ya unga, akatoa kopo la plastiki, akalifungua. "Basi leo itatiwa chumvi ya kweli," akasema. Akatia kiganja kizima kwenye sufuria ya kwanza na kiganja kizima kwenye ya pili, akafikiri kidogo, akarudia zote mbili. Binti alifungua mdomo. Mama aliinua mkono wa plasta kama askari wa barabarani, na binti akaufunga.

Mkaguzi alikoroga, akaonja. Uso wake haukubadilika. Alikuwa na uso wa kazi. Koo ndilo lililopanda na kushuka mara mbili.

"Sasa imekaa sawa," akasema.

Chupa zilikuwa zimeoshwa na kuchemshwa, zinasubiri zikiwa za moto. Binti alijaza akiacha nafasi ya upana wa kidole juu. Mkwe alifuta midomo ya chupa kwa kitambaa chenye siki, akaweka vifuniko, akakaza kwa mkono. Saba ziliingia kwenye sufuria moja ya presha, saba kwenye nyingine, na Mkaguzi akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya jiko kuangalia sindano za vipimo vya mvuke. Kazi hiyo hakuna aliyempa, aliichukua mwenyewe. Sindano ilipanda, akapunguza gesi; ikashuka, akaongeza. Ilikuwa sindano, na sindano haikuwahi kumdanganya.

Binti alileta kigoda akakaa karibu naye. Alikuwa amebeba kile kipimo chake cha hospitali.

"Nipe mkono, Baba. Tuangalie presha zote, yako na ya sufuria."

Alimpa mkono bila kumtazama.

"Umekasirika?"

"Nimedanganywa kwenye kipimo. Nyumbani kwangu."

"Kwenye kikopo," binti akamsahihisha. Alisoma namba, akakunja uso kidogo, akalegeza ule mkanda. "Unajua ilianza lini?"

"Sitaki kujua."

"Nilikuwa na miaka sita. Mwaka ule wa kwanza Mama alitia kweli, ulivyomwambia. Tena ulimwambia mara mbili. Supu ikawa haimezeki. Chupa zote. Mimi nilikuwa nainywa na maji, kikombe kwa kikombe." Akaukunja ule mkanda. "Na wewe ulisema Mama amekosea kipimo. Ulimwambia hivyo mbele ya mchungaji wa wakati ule."

Sindano ilipanda juu ya alama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mkaguzi hakuiona. Ni binti aliyenyoosha mkono akapunguza moto.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Mwaka uliofuata akanunua kikopo."

Mvuke ulikuwa unafoka. Alijaribu kulikumbuka lile tukio, na alichokumbuka ni kwamba mwaka huo vifuniko viwili havikushika vizuri, na aliviandikia tarehe.

"Na ya leo?" akauliza.

"Ya leo inafanana na ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi? Nimkague Mkaguzi?" Binti alisimama. "Kumi na nne ziko ndani tayari. Zilizobaki tunaweza kuongeza maji kidogo."

Hapo Mkaguzi alitikisa kichwa, na ingawa moyo ulikuwa umemshuka hadi kwenye soksi, kanuni zilikuwa bado mahali pake. "Hapana. Siwezi kutoa kipimo cha namna mbili. Zote ziwe sawa."

Zikawa sawa. Raundi tatu, saa baada ya saa. Mkwe alitaka kufungua sufuria mapema, na Mkaguzi alimzuia mpaka sindano irudi kwenye sifuri yenyewe, na kutoka kwenye kiti Mama akasema, "Hapo sawa," neno lake la kwanza la sifa tangu asubuhi. Chupa zilipangwa juu ya taulo zisigusane. Zilipoanza kupoa, vifuniko vikabonyea kimoja kimoja, tak, tak, na kila kimoja kilikuwa kimefunga vizuri sana, kwa usahihi wa kusikitisha. Hakuna hata chupa moja ya kutupa.

Jioni mchungaji alirudi akiwa na uso wa mtu anayetembelea mahali ambapo muujiza umetokea. Meza iliandaliwa. Alipewa bakuli la kwanza, akashukuru, akanywa kijiko. Akameza. Akashika glasi ya maji, akaimaliza, akajisogezea jagi.

"Supu hii," akasema, "ina ujumbe."

Mkwe alikula akiangalia ukuta. Binti alikuwa ameshaweka vikombe vya maji mbele ya kila mtu, kama desturi ya nyumba. Mama alichota kwa mkono wa kushoto, akanywa, akachota tena, akanywa tena, mnyonge na mnyenyekevu, kama vile hajawahi kula kitu kitamu zaidi. Hilo Mkaguzi hakuliweza. Mkewe angemsema, angevumilia. Aliweka kijiko chini.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Kidogo tu," mchungaji akasema.

"Siyo kidogo. Imezidi, nami ndiye niliyeizidisha. Na mwaka wa kwanza pia nilikuwa mimi." Aligeuka kwa mkewe. "Ulikuwa hujakosea kipimo."

Mama alimwangalia. Miaka ishirini na tisa siyo mchezo. Mtu anaweza kuwa ametayarisha majibu mengi na mazuri. Alifungua mdomo, na badala ya majibu ikatoka kicheko, kikubwa, cha tumboni, mpaka akashika plasta kwa maumivu na machozi yakamtoka. Binti akafuata, kisha mkwe, kwa tahadhari. Mchungaji hakuelewa chochote lakini alicheka pia, maana alikuwa mtu wa watu. Mkaguzi peke yake hakucheka. Ila alikula bakuli lote, na alipomaliza akaomba kalamu. Karatasi arobaini na moja, za chupa zilizobaki baada ya ile iliyoliwa, aliziandika kabla usiku haujaingia: Supu ya mifupa na mboga. Chumvi nyingi. Ongeza maji vikombe viwili kabla ya kupasha moto. Chini yake, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika karatasi hizo, aliweka jina lake.

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Lakini Jumapili mchungaji alipanda mimbarani, na bila kutaja jina, huku akimtazama moja kwa moja, alisimulia habari za mzee mmoja aliyekutwa akilia jikoni kwa uchungu wa mkewe aliyeumia. Na kama supu ilitiwa chumvi, basi habari hii ilitiwa zaidi: mzee alikuwa analia kwa kwikwi, mzee alianguka kifudifudi, mzee alisema "ni vingi." Watu wakageuka. Akina mama wa safu ya mbele wakatoa vitambaa. Mkaguzi aliinuka nusu, amepania kusema ukweli mtupu kwamba vilikuwa vitunguu kilo nane. Kanisa zima likadhani anainuka kushuhudia, likaitika amina kwa nguvu mpaka ikamrudisha kitini. Mkewe alimpigapiga gotini kwa mkono mzima.

"Waache," akanong'ona. "Wamefurahi."

Baada ya ibada, kwa kauli moja, alichaguliwa kuongoza kikundi cha kutembelea wagonjwa. Mtu mwenye moyo laini namna ile, walisema, alikuwa amefichwa wapi siku zote? Chupa ishirini na moja zikawa mikononi mwake, na ilimbidi kuzipeleka mwenyewe, mlango kwa mlango, na kila mlango kueleza habari ya vikombe viwili vya maji.

Hakuwa na kipaji. Mgonjwa wa kwanza aliulizwa maswali mengi mpaka akapandisha homa. Na wa pili walikaa kimya dakika arobaini, kisha Mkaguzi akaaga. Wa tatu alikuwa Afande, mlinzi mstaafu wa ghala, mjane, aliyevunjika nyonga na kulala miezi miwili kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hapakuwa na mtu wa kumpashia supu. Mkaguzi alitafuta sufuria, akaiosha, akafungua chupa, akageuka kutafuta maji.

"Ya nini maji?" Afande akauliza kutoka kitandani.

"Chumvi nyingi. Imeandikwa hapo."

"Lete kwanza nionje."

Akaonja. Akafumba macho, kwa namna ambayo Mkaguzi aliifahamu vizuri sana.

"Usiiguse," Afande akasema. "Acha hivyohivyo. Ndugu yangu, nisikufiche. Hizi supu zenu nazipata mwaka wa nne huu, tangu mke wangu afariki. Mungu anisamehe, zilikuwa kama maji ya kuchemshia mti. Kila mara natia chumvi vijiko viwili ndiyo napata kuinywa. Mwaka huu naona mmepata mpishi."

Mkaguzi alisimama na jagi mkononi. Kumbe ilikuwa imepungua. Miaka yote ile ilikuwa imepungua kweli, siyo kwa ulimi wake peke yake. Hapa palikuwa na shahidi, mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyetoa ushahidi bila kushurutishwa. Ofisini kwao ushahidi wa namna hiyo ungeandikwa nakala tatu.

Alimlisha Afande mpaka bakuli likaisha, wakaongea habari za maghala na panya, na Afande akacheka mara moja hadi nyonga ikamkumbusha. Kisha Mkaguzi aliosha sufuria na bakuli, akafuta meza, akaahidi kurudi Alhamisi.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa jikoni, akijifunza kukata mkate kwa mkono wa kushoto. Vipande vilikuwa vimepinda, kimoja kinene, kingine chembamba kama karatasi. Mkaguzi aliviangalia, akachukua kile kilichopinda zaidi, akakila akiwa amesimama.

"Afande amesemaje?" mkewe akauliza. "Ameongeza maji?"

Ripoti yote ilikuwa mdomoni, imepangwa vizuri, na jina la shahidi.

"Anashukuru," Mkaguzi akasema. "Ameimaliza."